Hiyo namba unayoongeza ni kona ya kiwanja

Swali: Shikamoo madam. Mi nipo kidato cha pili huku Kibaigwa. Kwenye milinganyo ya kwadratiki, ile yenye x², njia ya fakta naielewa vizuri tu ila kukamilisha mraba kumenishinda. Tunaambiwa chukua namba iliyo na x, gawa kwa mbili, zidisha yenyewe kwa yenyewe, jumlisha pande zote. Nafanya lakini sijui kwa nini nafanya, na ikija 2x² mbele ndo napotea kabisa. Alafu kama fomula ipo si tutumie fomula tu? Naomba unieleweshe taratibu.

Jibu:

Marahaba mwanangu. Hilo "kwa nini" lako ndo swali lenyewe na naanza nalo kabla ya hesabu yoyote, kwa sababu nimefundisha hii mada miaka mingi hapa Dodoma na nimeona wanafunzi wenye akili kabisa wanazishika zile hatua kama shairi, wiki ya mtihani wanazo zote, mwezi mmoja baadae hazipo, anakumbuka tu kuna mahali alikuwa anagawa kwa mbili ila hajui ni wapi. Mi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo na nikapata majibu sahihi miaka miwili bila kujua ninachokifanya, nimekuja kuelewa nikiwa chuo, na kwa kweli iliniuma kwa sababu kitu chenyewe kinaonekana kwa macho, mtoto wa darasa la tano anaweza akakiona.

Kwaiyo weka kalamu chini kidogo tuongelee kiwanja.

Hata huko Kibaigwa nadhani mnasikia habari za viwanja vya mjini huku, tangu serikali ihamie Dodoma kila ukikaa na watu mazungumzo ni skwea mita, bikoni, kiwanja cha kona. Sasa chukulia mtu ana eneo la mraba kabisa, upande huu x na upande huu x, hatujui x ni mita ngapi. Eneo lake ni x mara x, yaani x². Alafu ubavuni akaongezewa kipande chembamba, urefu wake uleule x, upana wake mita 6, kwaiyo eneo la hicho kipande ni 6x. Kipimo kikaja jumla ni skwea mita 16. Ni eneo dogo, la banda la kuku, ila namba ndogo ndo zinaonyesha vizuri.

x² + 6x = 16

Ukilichora hilo eneo ni mstatili, upande mmoja x na upande mwingine x + 6. Na mstatili una shida moja, ukiambiwa eneo lake peke yake bado haujui pande zake, 16 inaweza kuwa 2 kwa 8, inaweza kuwa 1 kwa 16, inaweza kuwa vitu vingi tu. Mraba hauna hiyo shida. Nikikwambia mraba una eneo la 25 unajua hapo hapo upande ni 5, nikikwambia 49 unasema 7, hata nikisema 13 unasema kipeuo cha pili cha 13 tukamaliza. Kwaiyo hamu yetu yote kwenye hii njia ni moja, tuugeuze huu mstatili uwe mraba.

Tunaugeuzaje? Kile kipande chembamba cha upana 6 kikate katikati kwa urefu wake upate vipande viwili, kila kimoja upana 3. Kimoja kiache palepale kulia, kingine kizungushe ukiweke chini ya mraba. Angalia sasa umbo lako: kwa juu lina urefu wa x + 3, kwa kushoto lina urefu wa x + 3, linataka kuwa mraba, isipokuwa kona ya chini kulia pako wazi. Hamna kitu pale. Na hilo pengo upana wake ni 3 na urefu wake ni 3, kwaiyo linahitaji 9.

Hiyo 9 ndo ile namba yako. Ndo "gawa kwa mbili alafu zidisha yenyewe kwa yenyewe". Unagawa kwa mbili kwa sababu kipande kimoja lazima kikae pande mbili za mraba, kulia na chini, na unazidisha yenyewe kwa yenyewe kwa sababu pengo linalobaki kwenye kona ni mraba mdogo. Hakuna kingine kilichojificha.

Nakuomba ufanye hivi usiku wa leo, usisome tu. Chana karatasi ya katikati ya daftari, kata kwa wembe mraba wowote unaotaka, kata na kipande kirefu chenye urefu sawa na upande wa mraba wako, kikate katikati, panga mezani. Mi huwa nafanya hivyo darasani, na kuna kijana mmoja, ni wale wa kukaa nyuma ambao hesabu wameshaiaga, alipanga vipande vyake akanyamaza, akaweka kidole kwenye lile pengo la kona pakaonekana mbao ya dawati chini yake, akasema "madam hapa pamekosekana kitu". Nikamuuliza kinatosha kiasi gani hicho kitu, akapima na rula. Hajawahi kusahau tena, na alikuwa hata hajui kwamba ameshakamilisha mraba.

Turudi. Umeweka 9 kwenye kona, sasa ardhi imeongezeka, na ardhi ya bure haipo, ukiongeza 9 kwenye ramani lazima na kipimo cha jumla kiongezeke kwa 9. Ndo maana ya "jumlisha pande zote".

x² + 6x + 9 = 16 + 9
(x + 3)² = 25
x + 3 = 5 au x + 3 = −5
x = 2 au x = −8

Hakiki: 4 + 12 = 16, sawa. 64 − 48 = 16, sawa pia. Kwenye kiwanja tunachukua 2 kwa sababu hakuna upande wa mita hasi nane, ila kwenye mtihani wakikwambia tafuta x bila habari ya kiwanja unaandika majibu yote mawili, na hapa ndo naona maksi nyingi zinapotea, mtu kafanya kila kitu vizuri alafu anachukua kipeuo cha 25 anaandika 5 peke yake. Namba mbili zinajizidisha zikaleta 25, 5 na −5, usiitupe moja.

Kosa lingine linatokana na kutouona mchoro. Wengi wakifungua (x + 3)² wanaandika x² + 9. Ukimwona mwenzako anaandika hivyo muulize vile vipande viwili vya 3x amevipeleka wapi.

Sasa kwenye namba hasi watu wanasema mchoro umekufa. Haujafa. Chukua

x² − 8x + 3 = 0

Kwanza jaribu fakta uone: unatafuta namba mbili zikizidishana zinaleta 3 na zikijumlishwa zinaleta −8. Una 1 na 3, una −1 na −3, zinaleta 4 na −4, basi, umeishiwa. Fakta inakuacha njiani hapa na ndo sababu ya kwanza ya kujifunza njia nyingine, maana milinganyo mingi unayoweza kuiokota tu ovyo haina fakta nzuri, ile ya kwenye zoezi imechaguliwa ikubaliane na wewe.

Hamisha 3 upande wa pili:

x² − 8x = −3

Mchoro wake sasa, mraba wa x kwa x, na unataka kukata ardhi ya 8x. Gawa kwa mbili kama kawaida: kata ukanda wa upana 4 kulia, alafu kata ukanda wa upana 4 chini. Ila ngoja kidogo. Ile kona ya chini kulia, ya 4 kwa 4, ilishaondoka na ukanda wa kulia, ukija kukata wa chini unaihesabu mara ya pili. Umekata kona moja mara mbili, kwaiyo umekata 16 zaidi ya ardhi iliyokuwepo, inabidi uirudishe. Ndo maana hata kwenye hasi tunajumlisha 16 na sio kutoa, na wanafunzi kila mwaka wananiuliza mbona hasi imekuwa chanya, mi nawajibu irudishe kona ya watu.

x² − 8x + 16 = −3 + 16
(x − 4)² = 13
x = 4 + √13 au x = 4 − √13

Kwa kalkuleta √13 ni kama 3.606, kwaiyo x ni karibu 7.606 au 0.394. Ukitaka kuhakiki haraka bila kurudia yote, zijumlishe upate 8, zizidishe upate 3 (inakuja 2.997 hivi kwa sababu tumekata desimali). Jumla ya majibu ni ile namba ya x ukigeuza alama, na zao lao ni ile namba iliyobaki peke yake, hii inafanya kazi kila mara ambapo mbele ya x² kuna 1.

Haya, 2x² inayokupoteza. Hapa sababu ni rahisi kuliko unavyodhani, 2x² ni miraba miwili, na huwezi kuzungushia vipande miraba miwili kwa mkupuo. Kwaiyo gawa kila kitu kwa 2 ubaki na mraba mmoja, alafu endelea kama kawaida. Kila kitu nimesema, hata ile namba ya upande wa pili, watu wanagawa mbele wanasahau nyuma.

2x² − 5x − 3 = 0

Hamisha 3, gawa kwa 2:

x² − (5/2)x = 3/2

Sasa nusu ya 5/2. Hapa twende taratibu maana naamini shida yako kubwa iko hapa na sio kwenye kukamilisha mraba, ni sehemu tu zinakusumbua. Nusu ya sehemu ni kuzidisha asili (namba ya chini) kwa 2 na kuacha kiasi (namba ya juu) kama kilivyo, kwaiyo nusu ya 5/2 ni 5/4. Usiibadilishe iwe desimali, utajiumiza. Zidisha yenyewe kwa yenyewe: 25/16. Hiyo ndo kona.

x² − (5/2)x + 25/16 = 3/2 + 25/16

Upande wa kulia, 3/2 ni sawa na 24/16, jumlisha unapata 49/16.

(x − 5/4)² = 49/16
x − 5/4 = 7/4 au −7/4
x = 12/4 = 3, au x = −2/4 = −1/2

Hakiki ya 3: 18 − 15 − 3 = 0. Ya −1/2: 1/2 + 5/2 − 3 = 0. Zote zimekubali. Ona 49 na 16 zote zina vipeuo safi, ikitokea hivyo ujue hata fakta ingefanya kazi.

Kabla ya fomula nikwambie kitu kimoja ambacho naona kila mwanafunzi anayeongea Kiswahili angeambiwa siku ya kwanza. Huu mchoro wa kona ni wa zamani sana. Vibao vya udongo vya Babeli vya miaka kama 1800 kabla ya Kristo vina maswali ya aina hii, moja linasema eneo la mraba ukijumlisha na upande wake unapata robo tatu, upande ni ngapi (jibu ni nusu, jaribu mwenyewe). Alafu kwenye miaka ya 820 hivi pale Baghdad, mwanahisabati al-Khwarizmi akaandika kitabu ambacho neno aljebra limetoka kwenye jina lake, al-jabr. Hakuwa na x, aliandika yote kwa maneno, na ile x² aliiita māl. Mali! Neno hili hili letu. Swali lake maarufu linasema mali na mizizi kumi ni 39, yaani x² + 10x = 39. Na alivyolifanya: chukua nusu ya mizizi, 5, izidishe yenyewe 25, ijumlishe na 39 upate 64, kipeuo chake 8, toa ile nusu ya mizizi, imebaki 3. Kisha akachora mraba akaonyesha kona. Hatua zile zile unazolalamikia wewe, zina miaka 1,200. Jibu la pili, −13, hakuliandika, kwake upande wa mraba haukuwa na namba hasi. Na angalia maneno yenyewe, mraba, nusu, kamilisha, mali, yote yalikuja kwetu kutoka Kiarabu, kwaiyo mtu akikwambia hesabu na Kiswahili haviendani mwambie asome tena.

Sasa fomula. Umeuliza kama ipo kwa nini tusiitumie tu, na jibu langu ni itumie, mi sikukatazi, kwenye swali ambalo halijasema njia gani we tumia inayokufikisha haraka. Ila ujue fomula haikuanguka kutoka mbinguni, ni kukamilisha mraba kulikofanywa mara moja kwa herufi badala ya namba ili usirudie tena. Fanya na mimi:

ax² + bx + c = 0

Gawa kwa a, hamisha c: x² + (b/a)x = −c/a. Nusu ya b/a ni b/2a, ile ile habari ya kuzidisha asili kwa 2. Kona ni b²/4a². Jumlisha pande zote:

(x + b/2a)² = b²/4a² − c/a

Upande wa kulia fanya asili iwe moja, 4a², unapata (b² − 4ac)/4a². Chukua kipeuo pande zote, chanya na hasi, hamisha b/2a:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Imetoka. Ukiweza kuiandika hii bila kuangalia daftari, siku umeisahau fomula kwenye chumba cha mtihani unaitengeneza mwenyewe dakika tatu, na hiyo ± na hiyo 2a chini hutauliza tena zimetoka wapi. Pia utaelewa kwa nini b² − 4ac ikiwa hasi tunasema hamna jibu kwenye namba halisi. Mfano x² + 4x + 7 = 0, ukikamilisha unapata (x + 2)² = −3, na mraba wenye eneo la hasi tatu haupo popote, namba yoyote halisi ikijizidisha haiwezi kuleta hasi. Fomula ingekupa kalkuleta iliyoandika eraa tu ukabaki unajiuliza umebonyeza vibaya.

Na kuna kitu kimoja fomula haikufanyii kabisa. Huko kwenu kuna wafugaji, basi chukulia mzee ana waya wa mita 40 anataka zizi la mbuzi la mstatili, anataka eneo kubwa kuliko yote linalowezekana kwa waya huo. Upande mmoja ukiwa x, mwingine unakuwa 20 − x, eneo ni 20x − x². Hapa hakuna "sawa na sifuri", hautafuti x inayoleta kitu fulani, unatafuta kubwa kabisa. Fomula hauna pa kuiingiza. Toa ile hasi nje kwanza:

20x − x² = −(x² − 20x)

Ndani ya mabano nusu ya 20 ni 10, kona 100, ukiiweka 100 ndani lazima uitoe hapo hapo ndani ili usibadilishe kitu:

−(x² − 20x + 100 − 100) = 100 − (x − 10)²

Isome sasa hiyo kwa macho. Ni 100 ukitoa kitu ambacho hakiwezi kuwa chini ya sifuri, kwaiyo kamwe haizidi 100, na inafika 100 pale tu x ikiwa 10. Zizi la mita 10 kwa 10, mzee akajenge. Huyu ndo mnyama mnayekutana naye tena mkichora grafu za kwadratiki, na ukienda mchepuo wa hesabu kidato cha tano utamkuta kwenye milinganyo ya duara, kule hii fomula ya kwadratiki haikuokoi, unakamilisha mraba wa x na mraba wa y.

Zoezi lako la leo ni 3x² + 7x − 6 = 0, kwa kukamilisha mraba, bila fomula na bila fakta. Chora kwanza hata kama mchoro utakuwa wa ovyo. Majibu ni 2/3 na −3. Ukiyakosa usianze upya, nenda moja kwa moja kwenye mstari ambao kona inaingia uangalie kama imeandikwa 49/36, na kama imeandikwa pande zote mbili.